Uso Uliopooza na Jicho Lisilofumba

Mwanadamu hujulikana kwa uso wake. Tukimwona mtu kwa mbali twamtambua kwa uso, na kabla hajasema neno twajua kama amefurahi au amekasirika. Kwa hiyo msiba wa uso si msiba wa mwili peke yake. Mtu aliyevunjika mguu huonewa huruma, lakini yule ambaye uso wake umekwenda upande mara nyingi huchekwa, hukimbiwa, au husemwa kuwa amelogwa. Katika kurasa hizi nataka kueleza maana ya kupooza uso, sababu ya macho na mashavu kulegea, namna madaktari wapasuaji wawezavyo kuyarekebisha, na mahali ambapo uwezo wao hukoma.

Nimesukumwa kuandika na swali la wanafunzi. Siku ya wazazi mwaka jana mjomba wangu, ambaye ni fundi cherehani, alifika hapa shuleni. Baadaye wanafunzi wawili wa kidato cha pili walinijia wakaniuliza, kwa adabu, mbona mzee yule akicheka hucheka upande mmoja tu, na mbona kope yake ya kushoto yaonekana kama ina kitu ndani. Nilipompelekea mjomba swali hilo hakukasirika. Alisema, "Waandikie, mwanangu. Wakijua hawataogopa." Basi ninayoandika juu yake nimeyaandika kwa ruhusa yake.

Kwanza, msomaji, simama mbele ya kioo ufanye mambo matano. Inua nyusi zako kama mtu aliyeshangaa. Fumba macho kwa nguvu. Kunja pua. Onyesha meno. Kisha piga mluzi. Kazi zote hizo, kwa kila upande wa uso, hufanywa kwa amri ya neva moja tu, nayo ni neva ya saba kati ya jozi 12 za neva zitokazo katika ubongo. Upande wa kulia una neva yake, na wa kushoto una yake. Sasa weka vidole juu ya panja, kisha kaza meno. Utasikia msuli ukituna chini ya vidole. Msuli huo hauitumikii neva ya saba, bali neva ya tano, ambayo ndiyo ya kutafunia. Ikumbuke tofauti hiyo, kwani tutaihitaji mbele.

Neva ya saba ikitoka katika ubongo hupita ndani ya mfupa wa sikio, katika njia nyembamba yenye urefu wa kama sentimita 3. Mahali palipo pembamba kabisa, upana wa njia hiyo haufiki hata milimita 1. Kisha hutokea chini ya sikio, hupenya tezi la mate, na humo hugawanyika matawi makubwa matano: la paji la uso, la jicho, la shavu, la mdomo wa chini, na la shingo. Neva ikivimba ndani ya mfupa haina pa kutanukia. Huwa kama kidole kilichovimba ndani ya pete: damu haipiti vema, na amri za ubongo hukatika njiani. Ndipo mtu hulala mzima akaamka nusu ya uso wake haimtii.

Ugonjwa huu si mgeni duniani. Tabibu wa Uajemi, Abu Bakr al-Razi, aliyefariki yapata mwaka 925, aliueleza katika maandiko yake. Mwaka 1821 Charles Bell, daktari mpasuaji mzaliwa wa Edinburgh, aliwasomea wataalamu wa London habari za neva hiyo, na hata leo kupooza uso ghafula bila sababu kuonekana huitwa ugonjwa wa Bell. Katika kila watu 100,000, hupatwa watu kama 20 hadi 30 kwa mwaka. Ziko sababu nyingine pia: mkanda wa jeshi unaotokea sikioni, usaha wa siku nyingi ndani ya sikio, ajali iliyovunja mfupa wa sikio, jeraha la panga au la kioo cha gari shavuni, uvimbe katika tezi la mate, ukoma, na virusi vya Ukimwi. Upepo wa dirishani haumo katika hesabu hiyo, wala jini.

Wengi huchanganya kupooza uso na kiharusi, nao wana haki, kwa maana vyafanana. Tofauti yake ni hii. Misuli ya paji la uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Kwa hiyo mwenye kiharusi kwa kawaida aweza bado kukunja paji lake, ijapokuwa mdomo umeshuka. Aliyeumia neva yenyewe, paji lake nalo huwa laini kama la mtoto. Lakini nawasihi wazazi, kipimo hicho ni cha daktari. Uso ukianguka ghafula mpelekeni mgonjwa hospitali siku ile ile. Na kama mkono nao umelegea, au maneno hayatoki sawasawa, apelekwe saa ile ile.

Sasa twende kwenye kope. Kope nisemayo hapa ni ile ngozi ifunikayo jicho, si vinyweleo vyake. Watu wakimwona mwenye kupooza uso husema, "Kope imeanguka." Lakini ukitazama vema utaona jambo la ajabu: jicho lake limekuwa kubwa kuliko la pili, wala halifumbi. Sababu ni kwamba kope ya juu ina mabwana wawili. Msuli unaoiinua huitumikia neva ya tatu; msuli unaoifumba, ambao umelizunguka jicho kama kamba ya mfuko, huitumikia neva ya saba. Neva ya saba ikilala, mwinuaji yu kazini na mfumbaji hayupo. Hivyo jicho hubaki wazi mchana na usiku.

Vinavyoanguka ni majirani wa kope hiyo. Unyusi hushuka, ukaisukuma ngozi iliyo chini yake, na mgonjwa husikia kope imekuwa nzito. Kope ya chini hulegea ikapinduka nje, na machozi badala ya kuingia katika kitundu chake karibu na pua humwagika shavuni. Shavu huning'inia, na pembe ya mdomo hushuka. Kisha upande ulio mzima, usio na mshindani tena, huvuta mdomo wote kwake. Ndiyo maana mtu akicheka uso huonekana umekwenda upande ule ulio mzima, na watu wasiojua hudhani upande huo ndio ulioharibika.

Lakini ikiwa kope ya juu yenyewe imeshuka kama pazia ikafunika mboni, hiyo si kazi ya neva ya saba. Yaweza kuwa neva ya tatu, au msuli wenyewe. Tena ikiwa mtu huyo anaona kitu kimoja kuwa viwili, au kichwa kinamuuma sana, asingoje kesho, maana pengine pana hatari ndani ya kichwa.

Jicho lisilofumba lina ubaya gani? Kila tunapopepesa, kope hupangusa vumbi na kueneza machozi juu ya konea, yaani kile kioo kilicho mbele ya mboni. Konea isipopanguswa hukauka. Ikikauka hupata mchubuko. Mchubuko huingia vijidudu ukawa kidonda. Na kidonda kikipona huacha kovu jeupe lisilopitisha nuru. Basi mtu aliyekuja na ugonjwa wa uso huondoka na upofu wa jicho moja. Hii ndiyo sababu daktari mwenye busara akimwona mgonjwa wa namna hii hatazami mdomo kwanza. Hutazama jicho.

Mjomba wangu aliugua miaka minane iliyopita, alipokuwa na umri wa miaka 58. Alianza kwa maumivu makali ya sikio la kushoto, na malengelenge madogo ndani yake. Asubuhi moja chai ilimmwagikia shatini, akajaribu kutema maji mdomo ukakataa. Majirani walimwambia ni upepo mbaya. Akakandwa kwa kitambaa cha moto, akapakwa majani, na siku zikapita. Alipofika hospitali siku ya tisa, jicho lilikuwa jekundu kama pilipili, na daktari akaona kidonda kidogo tayari kimeanza kwenye konea. Malengelenge ya sikioni yalikuwa ya mkanda wa jeshi, ambao huiumiza neva kuliko ugonjwa wa Bell, na wagonjwa wake hupona wachache zaidi.

Hapa pana jambo la kukumbuka. Kwa ugonjwa wa Bell, dawa iitwayo prednisoloni hufaa sana ikianzwa ndani ya saa 72 tangu uso ulipopooza. Mwaka 2007 madaktari wa Scotland walitangaza matokeo ya utafiti wao: baada ya miezi 9, walioitumia mapema walipona kabisa watu 94 katika kila 100, na wasioitumia walipona 82. Naye Erik Peitersen wa Denmark alieleza mwaka 2002 habari za wagonjwa 1,701 wa Bell ambao hawakupewa dawa yo yote: 71 katika kila 100 walirudi kama walivyokuwa, na wengi walianza kuona nafuu katika majuma matatu ya kwanza. Hesabu hizi zina mafunzo mawili. La kwanza, wengi hupona pasipo kisu, basi mgonjwa asikate tamaa. La pili, kwa kuwa wengi hupona wenyewe, mganga ye yote aliyempa mgonjwa cho chote ataonekana ndiye aliyemponya; na wale wasiopona watakuwa wamepoteza saa 72 zao.

Wakati wa kungoja, jicho halina budi kulindwa. Mchana hutiwa matone ya machozi ya bandia mara kwa mara kama daktari atakavyoagiza. Usiku hupakwa marhamu ya jicho, na kope hufungwa kwa plasta laini baada ya mgonjwa kuonyeshwa namna ya kufanya. Miwani huzuia vumbi. Lakini kitambaa kisifungwe juu ya jicho lililo wazi, kwani kitaikwaruza konea. Wala maziwa, asali, au maji ya majani yasitiwe humo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa jicho ni ghali sana kuujenga.

Ikiwa neva imekatwa na panga au kioo, hapo hakuna kungoja. Mpasuaji hujitahidi kuziunganisha ncha mbili mapema iwezekanavyo. Katika siku tatu za kwanza ile ncha iliyo upande wa uso bado huitikia umeme kidogo, na hivyo hutafutwa kwa urahisi. Hushonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele, chini ya hadubini. Kama kipande kimepotea, huchukuliwa neva nyingine nyuma ya mguu karibu na kifundo, ambayo kazi yake ni kusikia tu, ikatiwa katika pengo. Baada ya hapo nyuzi za neva hukua kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku. Wanafunzi wa hesabu waangalie: kutoka sikioni hadi pembe ya mdomo ni kama sentimita 10, yaani milimita 100. Basi hata kazi ikifanywa vizuri kabisa, mgonjwa hatatabasamu kabla ya miezi mitatu na zaidi.

Nao msuli usiopata amri hukonda siku kwa siku. Kwa kawaida ukikaa miezi 18 hadi 24 bila neva, hauamki tena, hata ukiletewa neva iliyo nzima. Kwa hiyo wakati ndio uamuao ni upasuaji gani utakaofaa. Mapema, mpasuaji huweza kuifufua misuli ya uso yenyewe. Akichelewa, hana budi kuleta msuli mwingine, au kuukaza uso tu ili usining'inie. Na katika hali zote hizo kazi hufuata utaratibu huu: kwanza jicho lifumbe, pili uso uwe sawa unapotulia, tatu uso uweze kucheka.

Tuanze na jicho. Upasuaji ulio rahisi kabisa ni kuzishona kope mbili pamoja upande wa pembeni, ili uwazi wa jicho upungue. Haupendezi sana kuutazama, lakini huokoa jicho, na waweza kufunguliwa baadaye. Upasuaji wa pili ni kutia uzito katika kope ya juu. Kipande cha dhahabu au cha platini, chenye uzito wa kama gramu 1, hupindwa kufuata mviringo wa jicho, kisha hutiwa ndani ya kope na ngozi hushonwa juu yake. Kabla ya siku hiyo daktari hubandika vipande vya uzito mbalimbali juu ya kope kwa plasta, mmoja baada ya mwingine, mpaka apate ule unaofumba jicho bila kuifanya kope ilale. Mgonjwa akitaka kufumba, mwinuaji hulegea na uzito huishusha kope. Mafundi wa mapazia wanajua jambo hili: pindo likitiwa kitu kizito, pazia hushuka lenyewe. Wanafunzi wa fizikia nao watatambua upungufu wake. Uzito huvutwa kuelekea ardhini. Basi mtu akilala chali, haumsaidii tena. Kwa hiyo marhamu ya usiku huendelea.

Upasuaji wa tatu ni wa kope ya chini. Mpasuaji huikata kidogo kwenye pembe ya nje, huivuta mpaka ikaze, kisha huishona kwenye utando mgumu wa mfupa ulio pembeni mwa jicho. Njia hii ilielezwa mwaka 1979 na Anderson na Gordy wa Marekani, na hutumiwa mpaka leo. Upasuaji wa nne ni kuuinua unyusi: ngozi kidogo huondolewa juu yake, na unyusi hushonwa mahali ulipokuwa zamani. Lakini mpasuaji hufanya hivyo kwa kipimo, maana akiinua mno atalifungua tena jicho alilojitahidi kulifumba. Kazi hizi nyingi hufanywa kwa sindano ya ganzi, mgonjwa yu macho.

Mjomba alingoja miezi 14. Mdomo wake ulirudi kidogo, lakini paji la uso na kope havikurudi. Katika hospitali moja ya rufaa alitiwa uzito katika kope ya juu, akakazwa kope ya chini, na unyusi ukainuliwa. Nilipomtembelea wodini nikamwuliza kama aliogopa, akasema, "Hapana. Walinieleza wanachofanya, nikaona ni kazi ninayoijua. Kope ya chini wameipunguza kiuno kama suruali. Unyusi wameupandisha pindo. Ile ya juu wameitia risasi ya pazia." Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo.

Iko njia nyingine ya kufumba jicho, nayo yatuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki. Ukoma hupenda kuiharibu ile tawi la neva ya saba liendalo jichoni, na mara nyingi huharibu pande zote mbili. Tena huweza kuondoa hisi ya konea, hata mgonjwa asisikie vumbi likiingia. Dawa za mchanganyiko, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 1981, huuponya ukoma, lakini hazirudishi neva iliyokwisha kufa. Hapa ndipo tunapoukumbuka msuli wa panja. Mwaka 1934 Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand ambaye alikuwa amepata sifa kwa kutengeneza nyuso za askari waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Kwanza, alionyesha kwamba msuli huo waweza kugeuzwa ufanye kazi ya uso. Utepe wake hupitishwa ndani ya kope zote mbili hadi pembe iliyo karibu na pua. Kwa kuwa huitumikia neva ya tano, haukupooza. Basi mgonjwa akikaza meno, jicho hufumba. Njia hiyo imewasaidia wagonjwa wengi wa ukoma, nao hufundishwa kukaza meno mara kwa mara mpaka iwe desturi.

Sasa tuje kwenye shavu na mdomo. Mtu asiyetaka upasuaji mrefu, au aliye mzee, huweza kukazwa uso kwa ukanda. Mpasuaji huchukua utepe wa ule utando mgumu unaofunika misuli ya paja, akaupitisha chini ya ngozi ya shavu, mwisho mmoja kwenye pembe ya mdomo na mwisho wa pili karibu na panja, akaukaza. Mdomo huinuka, mate hayamwagiki, na maneno hutoka vema zaidi. Lakini ukanda hauchezi. Uso unapotulia huwa sawa; unapocheka, upande mmoja hubaki kimya.

Kwa mwenye kutaka uso unaocheza, kuna kuazima neva. Mwaka 1895 Charles Ballance wa London aliiunganisha neva ya uso na neva ya bega. Uso ulipata uhai, lakini ulicheza pamoja na bega. Baadaye wapasuaji waliazima neva ya ulimi, na siku hizi huazima pia tawi la neva ya kutafunia. Mwanzoni mgonjwa hukaza meno ili atabasamu. Akifanya mazoezi kwa miezi mingi, ubongo hujifunza, na wengine huweza kutabasamu bila kukaza meno.

Na ikiwa misuli ya uso imekwisha kufa, huletwa msuli mpya. Mwaka 1976 Kiyonori Harii na wenzake wa Japani walieleza namna walivyochukua msuli mwembamba wa upande wa ndani wa paja, wakauweka shavuni, wakaunganisha mishipa yake ya damu na neva yake chini ya hadubini. Paja halipungukiwi sana, kwani lina misuli mingine ya kazi hiyo. Mara nyingi kazi hufanywa kwa safari mbili. Safari ya kwanza neva ya mguuni huunganishwa na tawi la upande mzima wa uso na kupitishwa chini ya mdomo wa juu hadi upande uliopooza. Hungojwa miezi 6 hadi 12 ili nyuzi zivuke. Safari ya pili ndipo msuli huletwa. Faida yake ni kwamba amri ya kucheka hutoka katika neva ya kucheka yenyewe, hata mtu akifurahi pande zote mbili hucheka pamoja.

Wako pia ambao neva yao ilirudi, lakini ikakosea njia. Nyuzi zilizokuwa za mdomo huingia kwenye jicho, na za jicho kwenye mdomo. Mtu huyo akila au akitabasamu, jicho hujifinya lenyewe, na watu hudhani anamkonyeza mtu. Kope yake huonekana imeshuka, lakini ugonjwa wake si kulegea bali ni kukaza mahali pasipotakiwa. Huyu husaidiwa kwanza kwa mazoezi mbele ya kioo, na kwa sindano ndogo za sumu ya botulini, ambayo hulegeza msuli kwa muda wa miezi mitatu au minne. Wazazi wasishangae kusikia sumu ikitumiwa kuwa dawa. Kipimo ndicho kitenganishacho viwili hivyo.

Je, upasuaji huu wote hurudisha uso ulivyokuwa? Hapana, na daktari mwaminifu atasema hivyo kabla ya kushika kisu. Kipande cha dhahabu chaweza kuonekana chini ya ngozi, na mara chache mwili hukikataa kikatolewa. Kope iliyokazwa yaweza kulegea tena baada ya miaka. Msuli wa paja huinua mdomo, lakini hauwezi kufanya kazi zote za misuli mingi midogo iliyoumbwa usoni. Mjomba alipoulizwa kama anataka na mdomo ukazwe, alijibu kwamba uzi hupenya tundu la sindano kwa jicho, si kwa mdomo. Leo anashona bado. Konea yake ina kovu dogo pembeni ambalo halimzuii kuona. Kila usiku hutia marhamu, na kila mwaka huenda kupimwa. Akicheka, hucheka upande mmoja, na sisi jamaa zake tumekwisha kuuzoea uso huo kama tulivyouzoea ule wa kwanza.

Kwa hiyo nawaachia wasomaji mambo matatu. Uso ukipooza, hesabu saa, si majuma. Hospitali iwe ya kwanza. Jicho lisilofumba lilindwe tangu siku ile ile, hata kama hujui ugonjwa umetoka wapi. Na ikiwa mwaka umepita na uso haujarudi, mgonjwa asijifungie ndani akasema hatima ndiyo hiyo, bali aulize habari za upasuaji, kwani yako mengi yawezekanayo.

Nanyi wanafunzi, mtakutana na nyuso za namna hii sokoni, garini, na huenda darasani. Yule asiyecheka mnapomsalimu pengine anacheka, ila neva yake haikupeleka habari. Yule anayekonyeza pengine hakonyezi. Hujafa hujaumbika. Msalimieni, mtazameni usoni kama mnavyowatazama watu wengine, na mngojeni amalize maneno yake.